Hija ya Mlima Kolo

Hija si lazima upande ndege. Sisi wa Dodoma tukisikia neno hilo, mawazo yanakimbilia Makka au Yerusalemu. Kumbe hapa hapa, ukishika barabara ya Kondoa kwenda Babati, unapita Kolo. Huko watu wanapanda mlima kuomba mvua na uzima, na kutambikia mizimu. Mahali penyewe panaitwa Mungomi wa Kolo.

Miamba yake ina michoro ya kale: watu wembamba warefu na wanyama wa porini, kwa rangi nyekundu. Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983. Mwaka 2006 UNESCO ikaiingiza michoro ya Kondoa katika Urithi wa Dunia. Safi sana! Lakini yule mzee wa Kirangi anayepanda na mbuzi na kibuyu cha pombe, yeye yuko ukurasa gani?

Swali hilo alilishika msomi wa Kitanzania, Emmanuel Bwasiri, katika tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 2008, Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Alionyesha kwamba sheria yetu ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kushikika: jiwe, mchoro, jengo. Imani ya watu imeachwa nje.

Sasa hapo ndipo penye ugomvi. Katika tambiko pombe hurushiwa mwambani, na pombe inaharibu rangi. Mhifadhi anaona uharibifu, mzee anaona sala. Ukimzuia mzee, umeokoa picha lakini mlima umebaki makumbusho. Ukimwachia, wajukuu watakuta jiwe tupu. Wewe msomaji ungeamuaje?

Mimi, ambaye riwaya yangu bado iko kwenye daftari, naegemea kwa mzee. Bila yeye nani atatuambia mlima ule unaombwa nini? Lakini hata yeye ataondoka siku moja, na maneno yake yasipoandikwa yatafutika upesi kuliko rangi. Mathias Mnyampala, mtoto wa Ugogoni, hakungoja mgeni. Historia na mila za Wagogo aliziandika mwenyewe kwa Kiswahili, kitabu kikatoka mwaka 1954.

Kwa hiyo wenzangu mnaolalamika kwamba Dodoma haina cha kuandika, chukueni kalamu mwende Kolo. Mkifika, ombeni ruhusa kwa wazee kwanza.