Diski Iliyochoka Mchana

Msimu wa mavuno wa 2019 ulinikuta Madibira na kibanda cha steshenari. Nilikuwa natoa kopi, naweka nyimbo kwenye simu, na wachache wenye kompyuta waliniita fundi kwa kukosa mwingine. Barabara zote zilikuwa na matrekta ya mpunga, na vumbi la pumba liliingia hata kwenye printa.

Jioni moja akaja karani wa ofisi ya wanunuzi wa mazao, mama mtu mzima.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama."

"Mashine yangu imekuwa kobe. Nikifungua orodha ya wakulima, nachemsha chai, nakunywa, namaliza, bado inazunguka."

Orodha hiyo ndiyo ilisema nani kaleta magunia mangapi ya mpunga wa Saro na anadai shilingi ngapi. Nikafunga kibanda nikamfuata.

Nilipowasha ile mashine na kufungua Task Manager, safu ya diski ilisoma asilimia 100. Nikaona nimeshampata mchawi. Nikaizima SysMain, ile iliyokuwa ikiitwa Superfetch. Nikaizima Windows Search, inayopekua mafaili ili kuyaorodhesha. Nikasimamisha na masasisho, ambayo kila siku yalianza kushuka kwa bando la simu ya mama na kukatika njiani. Nikaiwasha upya: asilimia 4. Nikalipwa elfu kumi na tano, nikarudi kifua mbele.

Kesho yake saa tatu asubuhi simu ikalia. "Fundi, kobe amerudi."

Safari hii niliangalia namba nilizozipuuza jana. Diski ilikuwa asilimia 100, lakini ilisoma na kuandika chini ya megabaiti moja kwa sekunde, na kila ombi lilisubiri zaidi ya milisekunde 3,000. Hapo ndipo nilipoielewa ile asilimia. Haisemi diski imebeba mzigo mkubwa. Inasema haikupata nafasi ya kupumzika, hata kama kazi yenyewe ni ya kujaza kijiko. Mkulima wa skimu yetu ya umwagiliaji angenielewa upesi: lango liko wazi kutwa, maji ya mto Ndembera yanaingia, na jaruba la mwisho bado kavu. Hapo huombi kuongezewa zamu. Unaufuata mfereji.

Nilikuwa bado nimeinama pale mama aliponiwekea kikombe cha chai kando ya kibodi. Chai ilikuwa inatetemeka, viduara vidogo vidogo, bila mtu kuigusa meza.

Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, na meza ya mama ilikuwa imeuegemea ukuta uleule. Mimi nilikuja jioni, kinu kimezimwa! Swali la bure kabisa, kwamba inasumbua saa ngapi, sikuliuliza, na hadi leo naona aibu.

Sahani ya diski ile ilizunguka mara 7,200 kwa dakika. Kichwa cha kusomea kikitikiswa nje ya mstari wake, lazima kingoje mzunguko mwingine, kama milisekunde 8, kisha kijaribu tena, na tena. Miaka baadaye niliona video ya mwaka 2008 ya mhandisi Brendan Gregg wa Sun Microsystems akizipigia diski kelele, na grafu ikionyesha zinavyochelewa. Nilicheka peke yangu. Kinu chetu kilipiga kelele kutwa.

Tukaibeba kompyuta hadi chumba cha nyuma. Ikashuka hadi asilimia 9, lakini haikutulia kabisa, nikapima afya ya diski. Kulikuwa na sekta kadhaa zilizokataa kusomeka. Ilikuwa imeshaumia.

"Mama, hii inakufa. Tuokoe kilichomo."

Usiku ule niliilaza juu ya godoro langu, ikanakili hadi alfajiri. Faili la msimu wa 2017 liligoma. Diski mpya, SSD ya gigabaiti 240, ililetwa na basi kutoka Mafinga, na kazi ya kuifunga sikuidai hela.

Meza ikahamia ukuta wa pili. Mama alikuwa na kaunta buku zake zote, akakaa siku nne akiyarudisha majina ya 2017 moja moja. Kila nilipopita dirishani aliinua kikombe, akanionyesha chai ilivyotulia.