Amri mbili, sheli moja

Leo ni mambo ya sheli. Si ile ya petroli! Nazungumzia programu inayopokea amri unazoandika kwenye terminali, kama bash, ambayo Brian Fox aliitoa mwaka 1989.

Hapa Dunga nasaidia kikundi cha wavuvi wenye programu ya mizani: omena wanapimwa, kilo zinaingia, malipo yanahesabiwa kwa siku. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mashua nyingine hufika mapema. Mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, kilo zangu za leo zimeenda wapi?" Zilikuwa zimeandikwa jana! Hesabu ya jana ilishafungwa na watu wamelipwa, zake zikabaki hewani.

Kwenye laptopu yangu kila kitu kilikuwa sawa. Tofauti ni moja: kompyuta ya mizani husoma kwanza skripti ya mazingira.sh iliyoachwa na fundi aliyenitangulia, ndipo programu ianze. Dibaga ya IDE yangu ilianza na programu moja kwa moja.

Wengi wangeandika hivi kwenye nafasi ya programu:

. ./mazingira.sh && ./mizani

Haiendi. IDE nyingi haziiti sheli. Huupa mfumo jina la programu na vigezo vyake, basi. Alama && inaeleweka na sheli tu. Kuendesha skripti peke yake kwanza hakusaidii pia: mazingira hurithiwa na mtoto kutoka kwa mzazi, hayapandi juu. Sheli ikifa, yanakufa nayo. Kwa hiyo amri zote ziingie sheli moja:

bash -c '. ./mazingira.sh && exec ./mizani'

Angalia mambo matatu:

1. Nukuu. Bila hizo, bash huchukua neno moja tu baada ya -c kuwa amri. Kama IDE yako ina orodha ya vigezo, weka -c peke yake na amri yote kama kigezo cha pili, bila nukuu.
2. Alama &&. Ya pili inaanza tu kama ya kwanza imefaulu. Ukitumia nukta-mkato, itaanza hata ya kwanza ikianguka.
3. Neno exec. Programu inachukua nafasi ya sheli, namba ya mchakato ni ileile. Bila hilo, sheli inaweza kuzaa mchakato mwingine, na dibaga ibaki ikimtazama mzazi.

Safari hii dibaga ilionyesha kosa papo hapo: skripti ilikuwa na TZ=UTC. Sisi tuko saa 3 mbele ya UTC, hivyo kila kilichopimwa kati ya saa sita na saa tisa usiku kilihesabiwa jana. Nikaandika TZ=Africa/Nairobi, tukapanga upya rekodi, mama akapata pesa zake.

Kosa likitokea kwa mteja tu, usiikague programu peke yake. Iendeshe pamoja na amri zinazoitangulia.