Kipimo cha Ufuko

Kwetu Kisian, magharibi ya Kisumu, ziwa halina mpaka wa kudumu. Mvua zikizidi, maji huingia mashambani, zikipungua, hurudi. Tangu utoto wangu nimewasikia wazee wakibishana: maji ya 1964 yalifika wapi? Mmoja huonyesha mti, mwingine jiwe. Ubishi huo si mchezo, kwani kwa jibu lake mtu huamua ajenge wapi.

Kule Jinja, Uganda, Mto Naili utokapo ziwani, kipimo cha maji hakikubishana na mtu: Mei 1964 kilionyesha mita 13.41, Mei 2020, mita 13.42. Jicho gani lingekumbuka sentimita moja kwa miaka 56?

Siku hizi ufuko nao hupimika hivyo. Ndege ndogo isiyo na rubani huupiga picha kutoka juu; chombo cha leza hurusha mwali wa nuru, na kwa muda wa kurudi kwake hujua umbali. Walakini kipimo kimoja ni bubu. Cha pili, kilichochukuliwa baadaye kutoka alama ile ile, ndicho kisemacho ardhi imeliwa kiasi gani. Basi, kijana, pima leo, uandike. Wajao watapata cha kulinganisha.