Wiki ya Nane Ilichelewa

Likizo iliyopita tulijitolea kutengeneza tovuti ya kigango chetu hapa Mabawa, Tanga. Tulipanga wiki 8: nne za kubuni kurasa, tatu za kuandika programu, na ya mwisho kuandika historia. Tuliona maneno ni kazi ndogo. Wiki ya sita, katekista wetu mstaafu, aliyekuwa na historia yote kichwani, alifariki. Ukurasa ule ukabaki mtupu.

Darasani tumesoma kwa Mtakatifu Augustino kwamba yaliyopita hukaa katika kumbukumbu. Hatukujiuliza ni kumbukumbu ya nani, wala itakuwepo hadi lini.

Ratiba mpya inaanza na wazee: daftari, kinasa sauti na kahawa. Rangi zitasubiri. Ndugu wapendwa, mtuombee, na mtuelekeze kwa wazee waliobaki.