Swali Nililoogopa Kumuuliza

Leo siwaletei habari za barabara wala bei ya muhogo. Nazungumza juu ya mama mmoja muhami tuliyempokea kwetu hapa Oicha, yeye na watoto wake watatu.

Mwanzoni alikuwa akicheka na wamama wengine kwenye bomba la maji. Kisha akanyamaza. Asubuhi moja akampa mke wangu kitenge chake kizuri, kile alichokimbia nacho, akasema, "Chukua, mimi sitakihitaji tena." Nikamjibu, "Vumilia, mama. Omba Mungu, wengine wamepoteza zaidi." Nikaenda zangu kutafuta habari, kumbe habari nimeiacha nyumbani.

Jioni nikamweleza muuguzi wa kituo cha afya. Akaniuliza, "Ulimuuliza kama anafikiri kujiua?" Nikasema hapana, nisije nikamtia wazo hilo kichwani. Wengi wetu tunaamini hivyo. Akaniambia watafiti wamelichunguza jambo hilo mara nyingi, na hawakuona kwamba kuuliza kunazidisha wazo la kujiua. Tena akasema mama huyo asiachwe peke yake.

Usiku ule tukaketi naye, mimi na mke wangu, nikauliza. Sauti ilinitetemeka. Alilia sana, kisha akasema, "Ndiyo, papa. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza." Mke wangu alilala naye, na kulipokucha tukampeleka kituoni.

Tangu hapo nasoma tafiti hizo kila ninapopata intaneti. Moja siisahau, ingawa si ya jana. Ilitolewa mwaka 2008, ikifanyika Brazili, India, Sri Lanka, Iran na Uchina, kwa watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua. Karibu nusu yao walitibiwa kama kawaida tu. Wengine waliongezewa mazungumzo ya saa moja, kisha kwa miezi 18 wakapigiwa simu au kutembelewa mara tisa. Katika kundi la kwanza walijiua watu 18. Katika kundi la pili, wawili. Si mashine, si dawa ya bei kali. Ni mtu anayerudi kuuliza hali.

Nyingine ya karibuni, ya mwaka 2020, ilifanyika kwa majirani zetu Uganda, kwenye makao ya wakimbizi ya Rhino Camp. Walishiriki wanawake karibu 700 kutoka Sudan Kusini. Waliofuata mafunzo ya vikundi kwa sauti iliyorekodiwa walipungukiwa na uzito wa moyo kuliko waliopata msaada wa kawaida. Utafiti huo haukupima kujiua, nisiwadanganye. Lakini sisi watu wa redio, sauti za kurekodi si tunazo?

Na kama wewe unayesikiliza umefikia hapo alipofikia mama huyu, mwambie mtu leo hii, jirani au muuguzi, usibaki peke yako.

Mama bado yupo kwetu. Muuguzi humpigia simu, na mtandao ukikosekana, RECO wa mtaa hupita. Kuna siku anaamka vibaya, hata juzi. Mke wangu alimrudishia kitenge chake. Amekipokea na kukikunja, bado hajakivaa.