Je, Inatahiniwa?

Septemba 2019 nilishinda kutwa katika Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi, pale Sarit Centre, nikiinadi riwaya ya kwanza ya sahibu yangu. Walimu waliifungua, wakasoma aya mbili tatu, wakatabasamu, kisha likaja swali lile lile: "Je, inatahiniwa?" Nilipojibu la, waliirejesha mezani taratibu. Sikuwalaumu, fedha za shule hufuata mtihani. Jioni alifika msichana aliyevalia sare, akasoma akiwa amesimama hadi mwisho wa sura ya kwanza, akahesabu noti zake, akainunua. "Kaka, huyu mama atarudi kwao?" aliniuliza. Nikababaika. Tangu asubuhi nilikuwa nikiisifu riwaya ile, ilhali mimi mwenyewe sikuwa nimevuka sura ya tatu.