Neno “Kabla”

Sisi tuliolelewa na tungo, mizani ikizidi twaona haya. Mkono hauna subira, wataka kuiondoa. Mazoea hayo ndiyo niliyokwenda nayo siku nilipoketi kukagua badiliko lililopendekezwa katika mwongozo wa GDB, na nusura yaniponze.

GDB ni chombo cha kusakia kasoro za programu za kompyuta. Aliyekianzisha ni Richard Stallman, mwaka 1986, nacho ni programu huria: yeyote aweza kukichungua, kukirekebisha, hata kupendekeza sentensi bora katika mwongozo wake. Lakini pendekezo haliingii hivi hivi. Sharti jicho la pili lilipitie kwanza, maneno yanayotolewa yakiwa na alama ya kutoa, na yanayoingizwa alama ya kujumlisha.

Lililonifikia lilikuwa dogo. Amri iitwayo “break” huisimamisha programu mahali utakapo. Ukiandika “break 40”, programu huenda mbio, kisha husimama kabla ya kuutekeleza mstari wa 40. Mpendekezaji alitaka isemwe tu kwamba husimama kwenye mstari wa 40. Ilikuwa sentensi fupi, safi, nami nikaipenda. Nilikwisha kuanza kuandika jibu la kuikubali.

Kisha nikaona si vibaya kujaribu. Nikatunga programu ya mistari michache: mmoja waweka 0 katika kisanduku nilichokiita x, na unaoufuata waweka 7. Nikaweka kituo kwenye huo wa pili. Programu ikasimama, mstari ukajitokeza kwenye skrini. Nikauliza x ina nini. Nikajibiwa: 0. Ile saba ilikuwa ingali njiani, kwani mstari unaoonyeshwa ndio unaongoja zamu yake, si uliokwisha pita.

Hapo nikamkumbuka msomaji. Mwongozo huu hausomwi kwa kujiburudisha. Hufunguliwa usiku na mtu ambaye kazi imemshinda. Akiambiwa “kwenye mstari”, ataiona sifuri, atautuhumu mstari usio na hatia, na pengine ataharibu kilichokuwa kizima. Nami ningekuwa nimemshika mkono kumpeleka huko.

Nikamwandikia mpendekezaji kwa heshima. Sikumwambia amekosea, nilimpelekea jaribio langu alitazame mwenyewe, nikamwomba alirudishe neno “kabla” na apunguze penginepo. Akaleta sentensi iliyoyashinda mawazo yetu sote wawili.

Mshairi ana ruhusa ya inkisari. Hulifupisha neno, na msikilizaji hulikamilisha kwa sikio lake, kwa kuwa lugha ni yao wote wawili. Msomaji wa mwongozo hana cha kukamilishia. Amekuja kwetu kwa sababu hajui, na tukimpunguzia silabi mbili tatu kwa ajili ya uzuri, gharama yake atailipa peke yake.